Barafu ya Nchi Kavu

Kaka yangu hajawahi kukosea kuhusu barafu, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu anayekosea mara kwa mara huzoea kuuliza. Yeye haulizi. Akiligusa bonge kwa kiganja anajua kama limeganda mpaka ndani au bado lina maji tumboni. Akiisikia kompresa kutoka barabarani anajua kama gesi imepungua. Wafanyakazi wanamwita Fundi, wateja wanamwita Fundi, na hata wifi yangu akimkasirikia humwita Fundi, kwa sauti ambayo kwa kweli si ya sifa.

Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu iko dirishani, ninapouza. Katika kiwanda kinachogandisha maji kutwa kucha, mimi wananiita Moto, na sikatai. Hasira nimezirithi kwa Mama, ambaye ndiye mwenye kiwanda tangu Baba alipofariki. Mama hukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba cha baridi, amevaa sweta la marehemu, miwani imeshuka puani, na hakuna bonge linalotoka bila yeye kuliona. Mimi na Kaka tunaweza kubishana mpaka mate yakauke, lakini neno la mwisho ni la Mama.

Kiwanda chenyewe si kikubwa. Tuna kalibu ndefu za bati ambazo tunazijaza maji safi na kuzizamisha katika bwawa la maji ya chumvi, yaliyo baridi kuliko barafu yenyewe lakini hayagandi. Maji ya ndani ya kalibu yakishakuwa jiwe, tunazinyanyua na kuzitumbukiza kwenye tangi la kuchovyea, lenye maji ya kawaida, ili bonge liachie bati na kuteleza nje. Kazi hiyo yote inaendeshwa na kompresa. Ikizima hiyo, tumekwisha. Na waliojenga kiwanda waliiweka kompresa kwenye chumba cha chini kabisa, upande wa baharini, kwa sababu inapozwa kwa maji ya bahari na hawakutaka kuyavuta mbali.

Sasa hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Nilipokuwa mdogo, bahari ikija na bamvua, yaani yale maji makuu ya kila mwezi, iliishia kwenye ngazi za chini, pale tulipokuwa tunaoshea miguu. Nilipoanza kukaa dirishani ilikuwa inafika ngazi za katikati. Kisha ikawa inaramba kizingiti cha chumba cha kompresa. Na bamvua moja, maji yaliporudi, niliona mwani ndani ya kizingiti, mbichi kabisa, umejikunja karibu na miguu ya mashine. Kaka naye aliuona. Aliufagia haraka haraka kabla Mama hajapita, akadhani yuko peke yake.

"Umefagia nini?" nikamuuliza.

"Uchafu."

"Uchafu wa baharini, Kaka. Bahari inapanda."

"Mfereji umeziba," akasema, na siku hiyo hiyo akawashusha wapakiaji mferejini na makoleo. Wakazibua mpaka ukang'aa. Bamvua lililofuata maji yakaja vilevile. Akasema ni gati jipya la jirani limeyasukuma maji upande wetu. Lililofuata akasema ni upepo. Kaka alikuwa na sababu kwa kila tone.

Mimi nikaanza kutafuta. Nilisikiliza vipindi redioni, nikasoma kwenye simu wateja wanapokuwa wachache, na kila nilipogusa nilikuta jambo moja: huko kwenye ncha za dunia kuna barafu nyingi kupita akili, joto linaiyeyusha, na bahari inajaa kila mahali, hata kwetu ambako hakuna mtu aliyewahi kuiona barafu isiyotoka kwenye mashine. Nilijiona nimeshika dhahabu. Nikaingia nayo ukumbini wakati wa chakula cha mchana, mbele ya kila mtu, bila kupanga maneno. Ndivyo nilivyo.

"Kaka, kompresa ihame. Tujenge jukwaa la zege ghala la nyuma, refu mpaka kifuani, tuipandishe. Bahari inajaa kwa sababu barafu inayeyuka."

Kaka aliweka kijiko chini taratibu. "Barafu?"

"Barafu."

"Moto, unakuja kuniuzia barafu mimi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni mpakiaji mkuu wetu, ambaye tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni.

"Sikiliza, mdogo wangu," Kaka akaendelea, na sasa alikuwa anasema kwa upole, jambo linalonichoma kuliko matusi. "Tangu hujaota meno mimi niko kwenye lile tangi la kuchovyea. Mabonge mangapi yametuponyoka yakayeyukia humo? Hata hesabu sina. Umewahi kuona tangi limefurika hata siku moja?"

Sikuwahi kuona.

Na nisimwonee Kaka, hakuwa anabisha kwa ukaidi mtupu. Kuhamisha kompresa ni kukizima kiwanda kwa muda mrefu, tena msimu wa samaki ukiwa unaanza. Ng'ambo ya bandari kuna kiwanda kingine cha barafu, kikubwa kuliko chetu, na mteja akishakwenda huko akazoea, kumrudisha ni kazi. Familia za wapakiaji zote zinakula kwenye kiwanda hiki. Kaka alikuwa analala na mawazo hayo. Lakini na mimi nilikuwa nalala na mwani ule kichwani. Maji yakiingia kwenye mota ya kompresa mara moja tu, hakuna wateja wa kuwahofia tena, maana hakuna kiwanda.

"Basi jaribuni," ikasikika sauti ya Mama kutoka kwenye kiti chake. Kumbe alikuwa anasikia yote. "Tieni bonge tangini, mjaze maji mpaka mdomoni. Likiyeyuka tukaona maji yamemwagika, kompresa inahama. Yasipomwagika, sitaki kulisikia jambo hili tena. Mimi nataka kuona kwa macho."

Mtu mwenye akili angeomba muda afikiri. Mimi nilisema, "Hata sasa hivi!"

Likatiwa bonge zuri, jeupe, linaelea huku limetoa mgongo nje ya maji. Kaka mwenyewe alijaza tangi kwa mpira mpaka maji yakawa sawasawa na ukingo, kiasi kwamba ukiongeza kikombe kimoja yanamwagika. Nilifurahi nikiuona ule mgongo wa barafu ulio nje. Nilisema moyoni, huo ukishuka utakwenda wapi kama si sakafuni?

Kazi ikaendelea, lakini kila mtu alitafuta kisingizio cha kupita pale. Bonge likapungua, likawa kama mto wa kulalia, likawa kama kichwa cha mtoto, likawa kama ngumi, likatoweka. Maji yalibaki pale pale ukingoni, yametulia. Sakafu ilikuwa kavu. Kimya akapitisha kidole kuzunguka tangi lote akakiinua juu kuonyesha kila mtu. "Hata jasho!" akapiga kelele. "Hata jasho halina!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kaka hakucheka. Alinishika kichwa kama alivyokuwa akinishika utotoni na kusema, "Usijali. Redio nazo lazima ziseme kitu." Mama alisema kwa mkato kwamba kompresa inakaa ilipo. Mimi nikaingia chumba cha baridi nikalia humo, kwa sababu ukitoka humo na macho mekundu unasingizia baridi.

Siku zilizofuata nilikuwa sisemeki. Niliuza barafu kwa kununa. Wateja wakinitania juu ya bahari yangu, nikawarudishia majibu ambayo Mama alinikanya. Kilichoniuma si aibu peke yake. Bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka lilikuwa njiani, mwani ulikuwa umeshafika miguuni mwa mashine, na mimi niliyekuwa na uhakika sasa sikuwa na neno hata moja la kusema. Kibaya zaidi, macho yangu yalikuwa yameshuhudia dhidi yangu. Kama barafu haijazi tangi, itajazaje bahari?

Ndipo umeme ulipokatika.

Ulikatika asubuhi, mabonge yameshapangwa kwenye jukwaa la kupakia yakisubiri lori. Jukwaa lile ni la mbao, liko juu kidogo ya uwanja, na chini yake kuna shimo linalopokea maji ya barafu inayotiririka. Kwa kawaida pampu ndogo inalinyonya shimo na hakuna anayelikumbuka. Siku hiyo pampu ilikuwa imezima, na lori nalo likapasukiwa tairi huko lilikokuwa. Jua likapanda juu ya mabonge yetu. Kaka alikimbia huku na huku akiyafunika maturubai, lakini jua halina mjadala.

Mimi nilikuwa dirishani nimejiinamia. Nikahisi baridi miguuni. Kuangalia chini, maji yameingia ofisini kwangu, yamelowesha ndala na yanaelekea kwenye gunia la chumvi.

"Kimya!" nikafoka. "Nani kamwaga maji?"

"Hakuna aliyemwaga, Dada! Shimo limefurika!"

"Limefurika kwa nini?"

"Si barafu hii inayeyuka!"

Nilitoka nje nimeshajaza mdomo matusi, na mguu mmoja ukiwa hewani nikasimama. Nikaangalia shimo. Nikaangalia mabonge juu ya mbao, yakichuruzika kupitia nafasi za mbao, yakidondokea shimoni, na shimo likitapika. Barafu ilikuwa juu ya mbao. Haikuwa shimoni. Haikuwahi kuwa shimoni.

Nilipiga kelele ambayo hadi leo wapakiaji wanaiigiza. Nikaanza kucheza kwenye yale maji, ndala moja imenivuka. Kimya akamwambia mwenzake, kwa kile anachodhani ni kunong'ona, "Akili zimeruka. Lile tangi lilimtesa sana."

Nilirudi kwenye simu nikasoma upya yale niliyokuwa nimesoma. Na ilikuwa imeandikwa pale pale, wazi kabisa, mstari ambao nilikuwa nimeuruka kila mara: barafu iliyokaa juu ya nchi kavu. Nchi nzima zimefunikwa, barafu imelala juu ya ardhi na miamba, unene wake ni wa milima, na ikiyeyuka inatiririka kuingia baharini kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo inayoijaza bahari, pamoja na maji yenyewe ya bahari yanayotanuka yakipata joto. Ile inayoelea imeshachukua nafasi yake majini tangu zamani. Ikiyeyuka inajaza tundu lile lile ililokuwa imelilalia, haiongezi kitu. Kaka alikuwa sahihi kabisa juu ya tangi lake. Mimi pia nilikuwa sahihi juu ya bahari. Tulikuwa tunazungumzia barafu mbili na wote wawili hatukujua, kwa sababu kwa watu kama sisi barafu huzaliwa majini, huchomolewa majini, na huishia majini. Mtu mwingine yeyote angeweza kuiwazia barafu iliyokaa mlimani. Sisi watu wa barafu ndio tuliokuwa hatuwezi.

Nilimwendea Mama kwanza kuomba jaribio jingine, la mabeseni mawili, maana nilijua Kaka atasemaje. Naye akasema vilevile.

"Tulishapatana, Mama. Jaribio lilikuwa moja. Au tutayeyusha barafu kila siku mpaka ashinde?"

Mama akamtazama juu ya miwani. "Fundi mzima, unaogopa beseni?"

"Siogopi beseni."

"Basi kaa utazame."

Nilichukua pipa lililokatwa katikati, nikapata mabeseni mawili yanayolingana, nikayaweka uwanjani juani. Nikachagua mabonge mawili madogo yaliyotoka kalibu za aina moja, na Kaka mwenyewe akayapitisha mikononi kuhakikisha hayajazidiana. Bonge la kwanza nikalielesha ndani ya maji, nikajaza mpaka ukingoni. La pili sikulitia majini. Juu ya beseni la pili nililaza wavu wa chuma, bonge nikaliweka juu ya wavu, kavu kabisa, na maji ya chini yake nikayajaza mpaka ukingoni vilevile. Wapakiaji wakawekeana dau: upande utakaoshindwa utasugua bwawa la chumvi. Karibu wote walikuwa upande wa Kaka. Kimya, kwa sababu zake, alikuwa upande wangu, na alieleza sababu hizo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hatukungoja sana. Beseni la kwanza lilitulia kama lile tangi. Kwenye la pili, tone la kwanza lilidondoka kutoka kwenye wavu, maji yakatetemeka, kisha ukingoni ukajitokeza mstari mwembamba uliong'aa juani ukashuka ubavuni. Mwingine ukafuata. Ikawa mchirizi. Maji yakatambaa kwenye saruji, yakafika kwenye buti za Kaka, yakazizunguka.

"Hapana, hapana," Kaka akasema akirudi nyuma. "Hiyo siyo haki. Huku umeongeza maji! Hilo bonge halikuwa ndani ya beseni, umelileta kutoka nje!"

"Rudia, Kaka."

"Nimesema umelileta kutoka nje! Halikuwemo!"

"Haya. Na barafu iliyolala juu ya nchi kavu, juu ya milima, ikiyeyuka ikaingia baharini, ilikuwemo?"

Hata Kimya alinyamaza, na hilo lilitutisha kidogo. Kaka alichuchumaa. Aliweka kiganja juu ya bonge lililoelea, akakiweka juu ya bonge lililokuwa kwenye wavu, akakirudisha tena kwenye la kwanza. Nilimwona akifikiri kwa mkono, kama afanyavyo siku zote. Mimi, mtu wa maneno mengi, nilijua kwamba nikisema neno moja zaidi nitaharibu. Nikang'ata ulimi.

Akasimama, magoti yakalia. "Mama," akasema, "naomba kiwanda kizimwe. Nahamisha kompresa."

"Mimi sijasema kitu bado," Mama akajibu.

"Najua. Nasema mimi."

Nilimpenda Kaka yangu siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumpenda, na ushindi nilioupata haukuwa na ladha ya kumshinda. Nilihisi nimempata.

Na akishaamua, jamani, mpishe njia! Zege la jukwaa lilimwagwa huku kompresa bado inafanya kazi, ili tusizime mapema. Kaka alifunga nondo kwa mikono yake, akapima usawa, akavunja pembe moja iliyokuwa imeinama kidogo na kuimwaga upya, wakati mimi nahesabu siku za kufika bamvua na kutaka kumpigia kelele. Zege lilipokomaa ndipo akazima mashine. Ukimya ulioingia kiwandani uliniumiza masikio. Sikujua kama nimewahi kuishi bila mngurumo ule.

Zamu yangu ikawa dirishani, kupokea lawama. Bibi mmoja muuza kamba wa baharini, mteja wetu tangu enzi za Baba, aligonga kaunta kwa kiganja. "Mnafunga msimu wa samaki? Mmelogwa?"

"Tunahama, bibi. Bahari inakuja."

"Bahari ipo hapo tangu nizaliwe!"

"Ndiyo, lakini sasa inataka kuingia ndani."

Aliondoka akisonya kuelekea kiwanda cha ng'ambo, na nyuma yake wakafuata wengine. Kila mgongo uliogeuka nilikuwa naona familia moja ya mpakiaji. Nilikuwa nimewaaminisha watu wote hawa kwa mabeseni mawili. Kama bamvua lingekuja likaishia kizingitini, nisingekuwa na mahali pa kuficha uso.

Siku ya kunyanyua, Kaka alitundika winchi ya mnyororo kwenye boriti la chuma, akawapanga watu, kila mmoja na nafasi yake. Hakupaza sauti. Alionyesha kwa vidole, na watu wazima wakamtii kwa macho. Kompresa ikaachana na sakafu ambayo ilikuwa imeikalia tangu kabla mimi sijazaliwa. Ikavutwa juu ya mabomba ya kuviringishia mpaka ghala la nyuma, mabomba ya nyuma yakitolewa na kukimbizwa mbele, na pale ikanyanyuliwa tena. Ilipokuwa inaning'inia hewani, inayumba kidogo, Mama aliinuka kwenye kiti chake akaja kusimama karibu. Nilimshika mkono.

"Shusha," Kaka akasema. "Shusha. Bado. Kidogo. Hapo!"

Matundu yakaingia kwenye boliti zote kwa pamoja, na watu wakapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Mota ikafuata, swichi kubwa zikafuata, mabomba yakaunganishwa. Kaka alipowasha, mashine ilikohoa mara mbili ikashika. Mama akarudi kwenye kiti chake akisema tumemchelewesha.

Bamvua kubwa likaja asubuhi, kweupe, bila upepo wala wingu la kusingizia. Bahari ilipanda ngazi za chini, ikapanda za katikati, ikafika kizingitini na haikusimama. Iliingia chumba cha zamani cha kompresa kama mwenye nyumba. Ikafika mahali mota ilipokuwa imekaa, ikapita. Ikatoka upande wa pili, ikaenea uwanjani, ikatufika magotini. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye jukwaa lake, kompresa ilikuwa inanguruma kama vile haijaambiwa.

Nilicheka mpaka nikalia. Kimya alikuwa anapita majini akimkumbatia kila anayemkuta. Kaka alisimama mlangoni mwa chumba kile kitupu akaangalia maji yaliyojaa pale ambapo mikono yake ilikuwa imefanya kazi maisha yake yote. Kisha akainua kichwa akasikiliza. Ng'ambo ya bandari kulikuwa kimya. Kiwanda kikubwa kilikuwa kimezima.

Wateja walianza kufika kabla maji hayajarudi. Walikuja wamekunja nguo, masanduku ya samaki vichwani, foleni ndefu ndani ya maji. Mimi nilipandisha meza juu ya meza dirishani nikauza nikiwa nimekaa huko juu kama jaji. Tuligandisha, tukachomoa, tukapakia, na hakuna samaki hata mmoja aliyeoza bandari nzima kwa kukosa barafu. Kwa walioharibikiwa ng'ambo Kaka alituma fundi wake mmoja akawasaidie kukausha mota.

Yule bibi muuza kamba alifika, sketi ameishika mkononi. Alinitazama, akatazama maji, akatazama juu mngurumo unakotoka.

"Mlijuaje nyie?" akauliza.

Nilikuwa na jibu refu, nimeliandaa tangu siku ya mabeseni. Kaka akanipita. Akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Huyu mdogo wangu ndiye aliyejua. Mimi nilimbishia."

Nilimeza jibu langu lote. Kutoka mlangoni mwa chumba cha baridi, miguu yake ikiwa juu ya kreti, Mama akasema wateja wapishane, wasizibe njia, lakini sauti yake ilikuwa inacheka.

Foleni ilipopungua Kaka alikuja mpaka dirishani kwangu, akaegemea. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, uso umechoka na una furaha.

"Moto. Hiyo barafu yako ya nchi kavu. Imebaki kiasi gani huko?"

"Karibu yote, Kaka," nikasema. "Iliyokwisha kuyeyuka ni kidogo sana."

Akatazama maji yaliyokuwa magotini mwake, akayatazama vizuri. Kisha akamwita Kimya alete chaki, akamwambia kwamba mwakani tunapandisha chumba cha baridi na tangi na ofisi ya Moto. Wakaenda wote wawili kwenye ukuta. Kaka aliweka kiganja usawa wa kifua. Akafikiri. Akakipandisha usawa wa kidevu. Kisha akanyoosha mkono wote mpaka juu ya kichwa chake, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu ndani ya maji, akamwambia Kimya, "Piga mstari hapa."